Hamsini na Nne kwa Mia

Saa sita na dakika tano mchana, Mwajabu Kobelo aligundua kwamba kituo cha Jangwa kimesahau bwawa.

Bwawa lenyewe lilijengwa miaka ishirini iliyopita, kilomita arobaini mashariki ya milima ya Uluguru, na lilikuwa kubwa kiasi cha kupoza hewa iliyo juu yake kwa nyuzi mbili nzima kila mchana. Kati ya vituo saba vilivyotuma utabiri wao Morogoro kutoka pembe mbalimbali za dunia, sita vililijua. Kimoja tu, kile ambacho wafanyakazi walikiita Theluji kwa kuwa kilikuwa kaskazini ya mbali, hakikuwahi kuliingiza kwenye ramani yake. Katika hesabu za Theluji mahali pale palikuwa bado nyika kavu, na kila mchana palichemka kama nyika. Kosa hilo lilijulikana, lilikuwa na faili lake, na watu walikuwa wamelizoea kama mtu anavyozoea kigugumizi cha jirani.

Leo hata katika hesabu za Jangwa palikuwa pakichemka.

Mwajabu akarudi nyuma siku moja, kisha wiki, kisha mwezi. Hadi tarehe tisa ya mwezi uliopita bwawa lilikuwepo. Tarehe kumi halikuwepo. Akayachukua matokeo ya Jangwa, akayaweka kando ya matokeo ya Theluji, akaiamuru mashine itoe haya katika yale. Kilichobaki kilikuwa vumbi tu la namba ndogo ndogo zisizo na umbo, kana kwamba mtu amenyunyiza chumvi juu ya nakala ili isifanane mno na asili yake.

Akaegemea kiti. Ukutani saa ilikuwa ikienda. Alikuwa na dakika hamsini.

Kazi ya Nyumba ya Mseto ilikuwa rahisi kueleza. Kila kituo kilikokotoa hali ya hewa ya siku tatu zijazo, si mara moja bali mara nyingi, kila mara kikianza na kosa dogo la makusudi, kwa sababu hakuna ajuaye kwa hakika anga ikoje sasa hivi. Kila ukokotoaji uliitwa tawi. Matawi mia tatu yalimiminika Morogoro kila siku, yakahesabiwa kama kura: mangapi yanaona mvua ya kuangusha mlima, mangapi hayaoni. Nguvu ya hesabu hiyo haikutokana na wingi. Ilitokana na kutojuana. Mashahidi saba waliosimama mahali saba wakisema neno moja, hakimu atawaamini. Lakini wawili kati yao wakiwa wamefundishana la kusema, basi mashahidi ni sita, na mmoja wao ana sauti mbili.

Hesabu ikifika sitini kwa mia, ving'ora vililia vyenyewe na magari ya uokoaji yakapanda mlimani. Hakuna mwanadamu aliyetoa amri hiyo, wala aliyeweza kuizuia. Hesabu ikiwa chini ya sitini, namba ilifungwa kama siri ya ndoa. Sheria hiyo ilitungwa baada ya mwaka ambao namba ya thelathini na tano ilivuja sokoni, watu wakakimbilia daraja moja, tisa wakakanyagwa hadi kufa, na mvua isinyeshe. Tangu hapo, kuitaja nje ya Nyumba namba iliyo chini ya sitini kulikuwa kosa la jinai.

Kazi ya mwanadamu katika mtambo ule wote ilikuwa sahihi moja. Kila siku kabla ya saa saba mchana, mkaguzi wa mseto alitia sahihi kwamba vyanzo vyote ni hai na kila kimoja kinajitegemea. Mwajabu alikuwa ameitia sahihi hiyo kwa miaka kumi na miwili.

Mbele yake, kwenye orodha ya miteremko, jina moja lilikuwa jekundu likimsubiri. Luwengo, watu elfu mbili na mia moja, mvua ya kuamkia kesho. Matawi mia moja themanini na manne kati ya mia tatu. Sitini na moja kwa mia.

Akayaondoa matawi sitini ya Jangwa, kwa majaribio tu. Yakabaki mia moja thelathini kati ya mia mbili arobaini. Jina likageuka njano. Hamsini na nne.

*

Deusdedit Luhende, mkuu wa zamu, alikuja akasimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha uji wa ulezi mkononi. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mmoja, mrefu, Msukuma aliyelowea Morogoro tangu ujana, na hakuwa na tabia ya kuuliza jambo mara mbili.

"Umeona nini?"

Mwajabu alimwonyesha lile vumbi la namba. Luhende aliliangalia muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Siku thelathini na moja."

"Na sisi tumetia sahihi siku thelathini na moja."

"Mimi ndiye niliyetia, mzee. Kulikuwa kukavu. Sikuangalia bwawa."

Luhende akavuta kiti, akaketi, akakiweka kikombe sakafuni. "Tia sahihi," alisema.

"Mzee Luhende."

"Tia sahihi, king'ora kilie, watu washuke. Kesho asubuhi tutaandika ripoti ya Jangwa, mimi na wewe. Nani atauliza kama uliligundua saa sita au saa nane?"

"Mashine imeandika saa niliyofungua faili."

"Mashine haitaulizwa kitu kama watu wamepona." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne mlima ulipoporomoka Nyakanda. Tulichimba kwa mikono siku mbili. Unajua tulikuwa tunafuata nini? Vilio. Tulichimba hadi chini, tukakuta ni mbuzi. Watoto walikuwa upande mwingine, na wao hawakulia."

Mwajabu akamwonyesha kwa kidole ile hamsini na nne ya njano.

"Hamsini na nne ni zaidi ya nusu," Luhende aliendelea. "Ukiambiwa ndege hii ina hamsini na nne kwa mia ya kuanguka, utapanda?"

"Sitapanda. Lakini nitataka niambiwe hamsini na nne, nisiambiwe sitini na moja." Aligeuza kiti wakawa wanaangaliana. "Luwengo wameshushwa mara mbili, mzee. Mara ya pili walikaa kambini siku sita. Nyani wakamaliza mahindi. Mama yake mwenyekiti akafa hemani kwa sababu dawa zake za moyo zilibaki nyumbani, na askari walikuwa wamembeba mzegamzega. Mvua ikanyesha Kilosa. Tukiwashusha leo kwa namba ya kughushi, mlima ukasimama, mara ya nne watajificha porini askari wakifika. Na huenda hiyo ya nne ikawa tisini."

"Unahesabu watu ambao hawajafa bado."

"Na wewe pia."

Luhende akauliza, kama mtu anayesoma kutoka kwenye karatasi, "Kanuni inasema nini?"

"Chanzo kisichojitegemea kiondolewe."

"Basi mimi sitakuondolea." Aliinuka, magoti yakalia. "Wala sitakuzuia."

Aliondoka. Uji aliuacha pale sakafuni.

Mwajabu angeweza kuifuta Jangwa kwa kubonyeza mara mbili. Alikwishaweka kidole mahali pake alipokumbuka kifungu kingine cha Mkataba wa vituo, kile ambacho wajumbe walikipigia makofi siku ya kutia saini: asiyetoa hapewi. Kituo kitakachofutwa kwa kughushi hutolewa siku hiyo hiyo, na nchi yake hukatiwa mseto, isipate tena hesabu ya pamoja. Hakuwahi kuongea na mtu yeyote wa Jangwa. Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tano. Akapiga simu.

*

Aliyepokea aliitwa Nadir Sabti. Hakujua Kiswahili, wala Mwajabu hakujua lugha yake, hivyo waliongea kupitia mkalimani wa mashine, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kama cha kitabu cha dini.

"Amani iwe juu yako, ewe ustadha."

"Na juu yako. Mimi ni mkaguzi wa mseto, Morogoro. Nimeona bwawa."

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno.

"Bwawa gani?" aliuliza Nadir.

"Lile ambalo Theluji hawalijui, na ninyi mlilijua hadi tarehe tisa."

Nadir hakujitetea. "Mashine yetu kubwa ilikufa siku ya kumi. Mfumo wa kuipoza uliharibika, na vipuri havikuja. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Sasa niko mimi na mlinzi wa lango. Tukiacha kutuma, hatupokei. Watu milioni nne, ustadha. Kwetu mvua huja siku moja katika mwaka, ikajaza mabonde makavu ambamo watu wamejenga kwa sababu ndimo mlimo na kivuli. Niliwaza usiku na mchana. Nikanakili Theluji, ambaye kwa mengine yote ndiye bora. Nilidhani nakala ya aliye bora haiwezi kumdhuru mtu."

Mwajabu alikuwa amejiandaa kukasirika, akaitafuta hasira asiione. Alichoona ni hesabu ileile, imegeuzwa upande wa pili.

"Leo nakala yako imekifikisha kijiji kimoja kwenye king'ora," alisema.

"Na bila mimi?"

"Hakifiki."

Mkalimani alitafsiri, na Mwajabu akaangalia saa.

"Sikiliza, ndugu Nadir. Nikikufuta mimi, mnatolewa leo leo. Mkitangaza kimya wenyewe, kanuni inawapa siku kumi za kutengeneza mashine, na mseto mtaendelea kuupata. Nitaandika nilichokiona kwenye daftari langu la ukaguzi. Sitaficha neno. Daftari husomwa mwisho wa mwezi."

"Na siku kumi zikiisha?"

"Sijui."

"Unaniambia hujui."

"Ndiyo. Sijui."

"Nina dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Hicho kijiji kinaitwaje?"

"Luwengo."

Alisikia Nadir akilirudia jina mwenyewe, bila mkalimani, silabi moja moja, kama mtu anayejifunza jina la mgeni kabla ya kumfungulia mlango. Kisha simu ikakatika.

Saa sita na dakika hamsini na sita, mstari wa Jangwa ukawa kijivu, na kando yake likaandikwa neno moja: Kimya. Luwengo ikashuka hadi hamsini na nne. Mwajabu akatia sahihi. Namba ikajifunga, king'ora hakikulia, na chumbani hakuna aliyemwangalia mwenzake.

*

Alitoka uani, kwenye vile vipima mvua vya maonyesho ambavyo wanafunzi huletwa kuviona, akasimama juani. Mbingu ilikuwa safi. Alikuwa ameajiriwa mwaka uleule wa daraja. Picha za viatu vilivyobaki pale darajani zilikuwa sehemu ya mafunzo yake, na aliiamini ile sheria kama anavyoamini breki. Hakuwa mtu wa kuvunja mambo. Alijiuliza kama angekuwa tayari kusema mbele ya tume yoyote kwamba aliijua namba akanyamaza, akaona kwamba hangeweza. Akapiga simu.

Yeye na Bi. Perpetua Banzi, mwenyekiti wa kijiji cha Luwengo, walikwisha kuonana mara moja. Mwajabu alikuwemo katika msafara uliopanda kuwapa pole baada ya kambi ya pili, na Perpetua aliwapokea wageni wote kwa kahawa, bila kuwaambia kwamba aliyezikwa ni mama yake.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Ni nani?"

"Mwajabu, wa Nyumba ya Mseto."

"Aa. King'ora kingine."

"Hapana. Leo hakitalia. Mama, ninalokuambia siruhusiwi kukuambia. Leo mlima wenu una hamsini na nne kwa mia."

"Hamsini na nne ndiyo nini? Tulizoea kilio."

"Siku kama ya leo zikija mia moja, katika hamsini na nne mtapata mvua ambayo mlima hauiwezi. Katika arobaini na sita hamtaona kitu, na mtanitukana. Ni kuanzia usiku hadi asubuhi. Sijui ni ipi kati ya hizo."

"Serikali inasemaje?"

"Serikali iko kimya mpaka sitini."

"Na wewe ungekuwa huku, ungelala?"

"Nisingelala Mgozo." Mgozo kilikuwa kitongoji cha juu, nyumba sitini zilizong'ang'ania mteremko kama kupe. "Huko chini shuleni ningelala."

Alisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali kidogo.

"Kwa nini unaniambia?" Perpetua aliuliza. Hakuwa na ukali, alitaka kujua.

"Kwa sababu ninaijua. Na wanaolala huko ni ninyi."

"Haya," alisema Perpetua. "Nimesikia." Akakata.

Mwajabu akarudi ndani, akafungua daftari la ukaguzi, akaandika kila kitu: bwawa, Jangwa, simu ya kwanza, simu ya pili, na namba aliyoitaja. Akaweka saa ya kila jambo.

*

Mvua ilinyesha.

Ilianza saa mbili usiku, na Mwajabu, aliyekuwa nyumbani kwake Kihonda akichambua mchele asioupika, aliisikia ikija juu ya mabati kutoka upande wa milimani. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ofisini. Kipima mvua cha Mgozo kilikuwa kimeandika milimita mia mbili na kumi na mbili, kisha, saa kumi na dakika arobaini alfajiri, kikaacha kuandika.

Luhende alikuwa amefika kabla yake. Walikaa mbele ya ule mstari uliokatika.

Taarifa ziliteremka polepole, kama watu wanavyoteremka kwenye utelezi. Mteremko wa Mgozo umekatika. Nyumba kumi na moja hazipo. Shule iko salama, imejaa watu. Saa nne ikaja idadi. Aliyekufa ni mmoja, mwanamume, Silvani Banzi, miaka sitini na saba.

"Mmoja," alisema Luhende. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "King'ora kingelia, asingekuwepo huyo mmoja."

"Najua."

"Sikulaumu. Nasema tu."

"Najua, mzee."

*

Tume ya uchunguzi ilikaa wiki tatu baadaye, katika ukumbi wa halmashauri wenye feni moja inayofanya kazi. Iliongozwa na jaji mstaafu aliyeitwa Ntimbwa, mama mdogo wa umbo, msikivu, aliyeandika kwa penseli. Mwajabu aliulizwa mengi na kuyajibu yote. Yalikuwa kwenye daftari lake. Kisha akaitwa Luhende, akaulizwa ingekuwaje kama sahihi ingetiwa bila kuiondoa Jangwa. Akasema king'ora kingelia saa saba kamili mchana na watu wote wangekuwa chini kabla ya magharibi, kwa hiari au kwa kubebwa. Akaulizwa yeye alishauri nini. Akasema alishauri sahihi itiwe.

Baada yake aliitwa Bi. Perpetua Banzi. Alikuwa amevaa kaniki ya matanga, na Mwajabu alijua kwa mara ya kwanza, jaji alipomuuliza, kwamba marehemu alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

"Eleza ulifanya nini baada ya simu," alisema jaji.

"Niliwapigia kengele ya shule. Wakaja, si wote. Nikawaambia nilivyoambiwa. Siku mia, hamsini na nne hivi, arobaini na sita vile. Mmoja akasema hawa ni waongo wa siku zote. Mwingine akasema waongo hawatoi namba inayowaumbua wenyewe; mwongo angesema mia. Wakabishana mpaka alasiri. Niliacha wabishane."

"Hukuwaamuru?"

"Niwaamuru kwa nini? Amri walikwisha kuipata mara mbili."

"Wakafanya nini?"

"Waliohama wakahama na mbuzi wao. Safari hii walichukua vitu vyao, mheshimiwa. Dawa, mbegu, vitambulisho. Wenye wagonjwa walianza mapema. Tulipofika shuleni hakuna aliyekuwa analia. Mgozo nzima ilishuka, isipokuwa kaka yangu."

"Kwa nini yeye alibaki?"

Perpetua alifikiri. "Kwetu Waluguru mjomba ndiye hushika ardhi ya ukoo. Silvani alikuwa ameshika ile ya Mgozo miaka thelathini. Nilimfuata mwenyewe, nikamwambia namba. Akaniuliza, hiyo arobaini na sita ni ya nani? Nikasema ni ya mlima kusimama. Akasema, hiyo ndiyo yangu. Nikamvuta mkono. Akanipa ndizi za kupeleka shuleni, mkungu mzima, akarudi ndani."

Feni ilizunguka. Jaji Ntimbwa hakuandika kitu.

"Bi. Banzi, mkuu wa zamu ameieleza tume hii kwamba king'ora kingelia, kaka yako angebebwa na angekuwa hai. Umemsikia?"

"Nimemsikia. Anasema kweli."

"Je, unamlaumu mkaguzi?"

Mwajabu alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe. Hakuinua macho.

"Kila siku," alisema Perpetua. "Nikiamka namlaumu. Kama angekaa kimya na namba yake ya uongo, ningekuwa na kaka. Kisha nakumbuka mama. Mama walimbeba akipiga kelele kwamba dawa zake ziko kwenye kopo juu ya kabati, wala hakuna aliyesimama kumsikiliza, kwa sababu king'ora kilikuwa kinalia na hakuna mtu anayesikia kitu king'ora kikilia. Mama alikufa amebebwa. Silvani alikufa ameulizwa. Mheshimiwa, mimi nimewazika wote wawili, na nakuambia si sawasawa. Usinitake niseme lipi ni jema. Nasema si sawasawa."

Alishuka bila kungoja ruhusa. Alipopita kando ya kiti cha Mwajabu alisimama kidogo, akaonekana kama atasema neno, kisha akapita.

Hukumu ilisomwa Ijumaa. Mkaguzi Kobelo amepatikana na kosa la kutaja namba iliyofungwa. Kwa kuzingatia maelezo yake ya wazi, hatafungwa, lakini hatatia sahihi tena maisha yake. Uamuzi wake wa kukiondoa chanzo cha kunakili ulikuwa sahihi. Sheria ya sitini itapelekwa kwenye kamati. Mwajabu alijua kamati ni kitu gani.

Alipangiwa kazi ya kukagua vipima mvua milimani, kwa miguu.

*

Jangwa ilitolewa kwenye mseto siku ya kumi na moja. Mashine haikutengenezwa. Mwajabu aliliona tangazo akiwa bado anangojea tume, mistari miwili, na chini yake orodha mpya ya vituo sita. Kwa muda mrefu hakupata ujasiri wa kupiga simu. Alipiga mwezi wa pili wa kazi yake mpya, akiwa ameketi kwenye jiwe juu ya kijiji kimoja cha Matombo, buti zimejaa tope jekundu.

"Amani iwe juu yako, ewe ustadha," mkalimani alisema, na nyuma yake sauti ya Nadir ilikuwa ya furaha, jambo ambalo Mwajabu hakulitegemea.

"Nimepiga kukuomba radhi," alisema. "Nilikuambia siku kumi. Nilijua hazitatosha."

"Ulisema hujui. Sasa unasema ulijua."

"Nilikuwa na wasiwasi nazo."

"Hilo ni jambo jingine." Akacheka kidogo. "Usiombe radhi. Namba tunazipata."

"Mnazipata vipi? Mlikatiwa."

"Kuna bwana hunipigia kila siku saa saba na nusu mchana. Hasalimu. Husoma namba za mabonde yetu kumi na tisa, moja baada ya nyingine, hata zilizo chini ya sitini, kisha hukata. Mwanzoni nilidhani wewe ndiye uliyemtuma."

"Sikumtuma mtu."

"Anaitwa Luhende. Nililazimika kumuuliza mara tatu ndipo akaniambia."

Mwajabu alikaa na simu sikioni. Bondeni chini yake mtu alikuwa akipalilia magimbi, na jua lilikuwa limeanza kupasha mgongo wa mlima. Alifikiria kumwambia Nadir kwamba lile ni kosa la jinai, kila siku kosa jipya, makosa kumi na tisa kwa mkupuo mmoja. Akaona Nadir analijua hilo, na Luhende analijua zaidi.

"Leo amekusomea ngapi?" aliuliza.

"Kubwa kuliko zote, kumi na mbili," alisema Nadir. "Nimewaambia watu waanike tende."